Kipimo cha Siku ya Sauna

Huku kwetu kwenye rasi ya kaskazini, Machi si mwezi wa theluji kuisha, ni mwezi wa watu kuichoka. Ijumaa ile barabara zilifungwa tangu alfajiri, na Gwen Tuomela akashinda dirishani akitazama gari lake likifukiwa, huku akijua kwamba Jumapili muda wa kipimo cha mzee Arvid Lampinen unaisha.

Gwen ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mmoja wa wale wanaowafuata wagonjwa majumbani. Ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye jikoni za watu, akiwashika viuno wasianguke. Kazi yenyewe anaipenda. Kinachomkondesha ni karatasi. Bima ya serikali inataka kila siku thelathini mtaalamu mwenyewe afike, ampime mgonjwa upya, aandike amepiga hatua gani. Siku ya thelathini na moja ikikukuta hujaandika, ziara zinazofuata hazihesabiwi kuwa kazi. Haya, ukiandika nako, uandike kwa akili. Mgonjwa asipopata nafuu, wanakuuliza unakwenda kufanya nini kwake. Akipata nafuu sana, wanakuuliza bado unakwenda kufanya nini kwake. Na akionekana anatoka nje ya nyumba bila taabu kubwa, wanakwambia basi aende kliniki kama watu wengine. Aliyeitunga sheria hiyo sijui kama aliwahi kuwa na mgonjwa ndani.

Jumamosi asubuhi magari ya kukwangua theluji yakapita, na simu ikalia. Alikuwa Roxanne, msimamizi wake, ambaye kazi yake ni kupitia kila neno Gwen analoandika kabla wakaguzi wa bima hawajalipitia.

"Nenda leo," alisema Roxanne. "Kesho inashuka nyingine."

"Leo Jumamosi. Kwa wale wazee Jumamosi ni siku ya sauna."

"Kwa bima ni siku ya ishirini na tisa. Na unisikilize, mwenzangu. Januari ulimwandikia sekunde arobaini na nne. Februari ukamwandikia arobaini na tatu. Mwezi mzima wa kwenda na kurudi, sekunde moja. Nilikusitiri. Mwezi huu sina nguo ya kukusitiri, wamenirudishia mafaili saba. Akija tena na arobaini na kitu, Jumatatu namfunga, faili na ziara zake."

"Kuna kile kifungu cha kumshikilia mgonjwa asirudi nyuma. Si lazima apone."

"Kifungu kipo, na wakaguzi nao wapo. Mara ya mwisho kukitumia nilijibu barua miezi mitano. Niletee namba nzuri, Gwen. Siyo nzuri sana. Nzuri tu."

Namba yenyewe inapatikana hivi. Mgonjwa anaketi kitini. Anainuka, anatembea mita tatu mpaka kwenye utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni, anageuka, anarudi, anaketi. Gwen anashika saa yake ya sekunde. Ndiyo hiyo tu. Maisha ya mtu mzima, aliyekata magogo kwa miaka arobaini, yamebebwa na ule utepe.

Na mzigo wenyewe Gwen aliujua. Arvid alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, mguu na mkono wa kushoto. Vuli iliyopita, mwezi wa Oktoba, kabla Gwen hajapewa nyumba ile, mzee alikuwa amefika sekunde kumi na nane. Lengo lake lilikuwa ishirini. Mtaalamu wa wakati ule akampigia makofi, akafunga faili, akaaga. Hakuja mtu tena. Mguu ukaanza kukakamaa wiki baada ya wiki, na siku mbili kabla ya Krismasi Arvid akaanguka jikoni. Alilala sakafuni kwa muda wa saa tatu. Mkewe, Ilma, ana moyo mbovu, hawezi kumwinua mwanamume yule. Alichoweza ni kumfunika blanketi na kukaa chini naye mpaka jirani aliporudi kutoka kazini. Binti yao Karlene akapanda kutoka Green Bay na uso wa mtu asiyelala, akaliandikisha jina la baba yake kwenye nyumba ya wazee hukohuko mjini, akasema mbele ya wote: safari moja tena baba akigusa sakafu, anaondoka. Ndipo ziara zikaanza upya, na Gwen akaingia na utepe wake mwekundu.

Kwa hiyo ilikuwa wazi kama mchana. Ziara zikikatika, mguu unakufa. Mguu ukifa, mzee anaanguka. Akianguka, anahamishwa kutoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na Ilma anabaki peke yake humo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo Gwen hakumwambia Roxanne wala hakujiambia vizuri mwenyewe. Tangu katikati ya Februari mikono yake ilikuwa inanong'onezwa kitu. Kila Jumanne na Ijumaa anapoushika ule mguu wa kushoto kuunyoosha, shavu la mguu linamjibu. Lilikuwa gumu. Mtu anayeburuta mguu sekunde arobaini na tatu kwa mita sita hana shavu la mguu kama lile. Gwen alilishika, akalitambua, akaandika arobaini na tatu, akatia sahihi.

Alipiga simu kwa akina Lampinen mara tatu, haikupokelewa. Saa nane mchana akafika. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba. Mlango wa jikoni haukufungwa, huku kwetu nani anafunga. Mezani mkate wa iliki ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa, bado una joto. Fremu ya kutembelea ya mzee, ile ya chuma ambayo Gwen aliihangaikia wiki tatu ipatikane, ilikuwa imesimama karibu na jiko la kuni, imetundikwa soksi za kukausha.

Akaenda kwenye dirisha la nyuma.

Arvid alikuwa nje. Amevaa koti la kuogea, mabuti ya manyoya na kofia ya sufu, taulo shingoni. Mkono wa kulia ameshika fimbo yake ya zamani ya kutelezea kwenye theluji, na ule wa kushoto, ule ambao kila Jumanne unashindwa kushika kikombe, umeishika kamba iliyofungwa kutoka barazani mpaka mlangoni mwa sauna. Njia ilikuwa imechimbwa katikati ya theluji inayofika kifuani. Ilma alikuwa mbele na ndoo ya maji, hageuki nyuma hata kidogo, kama mtu anayejua kinachomfuata kinakuja.

Gwen alianza kuhesabu bila kuamua. Mazoea. Hatua thelathini na sita. Alipumzika mara mbili, akaegemea fimbo, kifua kinapanda na kushuka, kisha akaendelea. Alipofika mlangoni akakutana na kizingiti cha gogo zima, kinachofika nusu ya muundi. Ijumaa mbili zilizopita Gwen alimwekea kitabu chembamba sakafuni akamsihi auvushe mguu, na mzee alimtazama kwa huruma akasema hawezi, binti. Sasa aliuinua ule mguu wa kushoto, akauvusha, akauvuta mwingine, akapotelea ndani.

Gwen alijisikia furaha, furaha ya kweli, ile iliyomfanya aichague kazi hii. Ilidumu kama pumzi mbili hivi. Halafu akakumbuka amekuja kuandika.

Alivaa buti zake akaifuata ile kamba. Chumba cha nje cha sauna, pale pa kuvulia nguo, ni kirefu na chembamba, kuta za mbao nyeusi kwa miaka. Arvid ameketi kwenye kiti cha mikono cha zamani akihema. Ilma aligeuka na ndoo yake, akamwona Gwen, na rangi yote ikamtoka.

"Leo si Jumanne," alisema Ilma.

"Kipimo kinaisha kesho. Nilipiga simu."

"Simu iko jikoni."

Kuni zilikuwa zinalia ndani ya jiko upande wa pili wa mlango. Arvid akavua kofia, akaiweka gotini, akamtazama Gwen kwa macho yake ya samawati yasiyo na haraka.

"Funga mlango, binti, joto linakimbia," alisema. "Keti. Humu baba yangu hakuruhusu mtu kugombana wala kusema uongo. Mpaka leo hatusemi. Kwa hiyo kama unataka kuuliza, ulizia humu."

Gwen aliketi kwenye benchi na koti lake zito. "Tangu lini unatembea mpaka huku?"

"Jumamosi ya kwanza ya Februari. Ilinichukua nusu saa, na kurudi nikarudi kwa makalio."

"Na siku ya kipimo cha Februari?"

"Nilijizuia." Alisema bila aibu. "Si kazi ngumu. Nimefanya kazi na mabosi watatu, najua kutembea polepole anapotazama mtu wa saa."

"Nimemfundisha mimi," Ilma akaingilia. "Usimlaumu yeye. Nilimwambia, Oktoba ulijionyesha, wakakupigia makofi wakaenda zao. Safari hii usijionyeshe. Ukionekana mzima hawaji."

Gwen alimtazama yule mama aliyesimama na ndoo, mikono imemvimba mishipa, na akaona kwamba katika mambo yote aliyowaeleza miezi miwili, jinsi ya kuinuka kitandani, jinsi ya kuingia bafuni, hili la bima hakuwaeleza. Hakudhani ni lao. Alidhani ni la kwake na Roxanne.

"Ilma," alisema, "asipojionyesha pia hatuji. Roxanne anamfunga Jumatatu. Wanasema mwezi mzima hajapiga hatua, kwa hiyo tunapoteza muda."

Ilma aliweka ndoo chini, maji yakaruka. Alifikiri kidogo, midomo inakwenda kama anayepiga hesabu.

"Akipona mnaondoka."

"Ndiyo."

"Asipopona mnaondoka."

"Ndiyo."

"Sasa mnataka nini? Atembee au asitembee?"

Gwen alivua glavu zake akazikunja, akazikunjua.

"Na wewe," alisema Arvid. "Uko humu na wewe. Ulikuwa hujui?"

Angeweza kusema hakujua. Saa ndiyo iliyosema, siyo yeye. Lakini kuna vyumba ambavyo mtu akikulia navyo havimwachi, na bibi yake Gwen naye alikuwa na sauna.

"Nilijua," alisema. "Shavu la mguu wako lilikuwa linaniambia. Nikaandika nilichokiona kwenye saa. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungenijibu."

Arvid alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Kisha akainama mbele.

"Basi niambie. Unataka ngapi? Tukirudi jikoni, kwenye utepe wako, nakupa yoyote. Thelathini, thelathini na mbili, sema. Naweza kukupa na nusu yake. Humu siwezi. Humu nitatembea nilivyo. Twende nyumbani au tupime humu?"

Thelathini. Mungu wangu, thelathini ilikuwa nzuri kiasi gani. Kutoka arobaini na tatu mpaka thelathini: hatua imepigwa, lengo halijafikiwa, bado ziara zinahitajika. Roxanne angeimba. Karlene angeambiwa baba anaendelea vizuri. Na Gwen asingedanganya hata kidogo, angeandika kile kilichosomwa na saa, kama alivyofanya Februari. Miezi miwili mingine ingepatikana, barafu ingeyeyuka, na mzee angekuwa anatembea mpaka sauna kila Jumamosi, kwa siri, kama mwizi kwenye ua wake mwenyewe. Kisha siku thelathini nyingine zingefika, na mzee angemuuliza tena unataka ngapi. Ishirini na saba. Ishirini na tano. Mpaka mmoja wao afe au astaafu.

Lile koti zito, joto lile, macho yale mawili mawili. Alitaka kutoka nje na hakukuwa na nje ya kwenda, huko nje ndiko kulikokuwa na simu ya Roxanne.

"Tupime humu," alisema.

"Gwen," akasema Ilma.

"Kile kifungu kipo, Ilma. Nitakiandika vizuri. Nitaandika na ile Krismasi, na ile sakafu. Watalazimika kukisoma."

Alisema kwa sauti ya mtu anayejua, na alitaka sana kujua. Alitoa futi ya kupimia mfukoni, akapima mita tatu kutoka kwenye kiti, akaweka glavu yake nyekundu sakafuni pawe alama. Arvid aliivua taulo shingoni akampa mkewe. Akashika mikono ya kiti.

"Twende," alisema Gwen.

Aliinuka mara moja. Hakuwa na fremu, hakuwa na fimbo. Mguu wa kushoto ulichora nusu duara kila ulipokwenda mbele, lakini ulikwenda, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeachiwa kamba. Kwenye glavu akageuka bila kugusa ukuta. Aliporudi alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, ule unaoweza. Akaketi, akatua mikono.

"Kumi na tisa," alisema Gwen.

"Oktoba zilikuwa kumi na nane," Arvid akanung'unika. "Ni hizi buti."

Ilma hakucheka. Alijifuta macho kwa ile taulo, akaingia ndani kumwagia maji mawe. Alipotoka hakumtazama Gwen. "Mkate uko mezani," alisema. "Jikatie mwenyewe."

Gwen hakujikatia. Aliketi garini, injini ikiunguruma, tableti gotini, akaandika saa moja na robo. Vidole vilimfa ganzi akavipuliza, akaendelea. Aliandika kwamba mgonjwa ametembea kwa sekunde kumi na tisa. Aliandika kwamba anaweza kufika sauna ya uani, hatua thelathini na sita, kwa kamba na fimbo, akipumzika mara mbili, na kwamba taabu ya njia hiyo inatosha kuonyesha kwamba kliniki ya maili arobaini si ya kwake. Aliandika kuhusu Oktoba: lengo lilifikiwa, huduma ikakatwa, mguu ukakakamaa, mgonjwa akaanguka. Aliandika kwamba kinachotakiwa sasa si kupona zaidi ila kushikilia, na kwamba kushikilia kunahitaji mikono inayojua. Yote hayo yalikuwa mazuri. Hata mimi nimeambiwa na aliyesoma kwamba yalikuwa mazuri.

Halafu akafika mahali palipobaki. Mtu hawezi kutoka arobaini na tatu mpaka kumi na tisa kwa mwezi mmoja bila mkaguzi kuinua kichwa. Akaandika: *Kipimo cha Februari hakikuwa sahihi. Mgonjwa alijizuia kwa kuhofia kukatiwa huduma. Nilishuku wakati ule, sikuandika.* Akatia sahihi. Akatuma kabla hajajuta, na alijuta lile duara la kutuma lilipokuwa bado linazunguka.

Roxanne alipiga simu Gwen hajafika nyumbani.

"Uko barabarani? Simama pembeni." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Gwen. "Kwa nini umeandika ule mstari wa mwisho?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Najua ni kweli. Nimeuliza kwa nini umeandika. Gwen, umenyoosha mkono mwenyewe ukasema nilitia sahihi kitu nilichokishuku. Pesa za bima za ule mwezi wote sasa ni za kurudishwa. Na ukishasema hivyo kwa mgonjwa mmoja, wataniuliza wale wengine thelathini wako."

"Soma sehemu ya Oktoba."

"Nimesoma. Nimelia, ukitaka kujua. Mama yangu mimi yuko hivyohivyo." Akavuta pumzi. "Kuanzia sasa hivi hutoki kwenda kwa mgonjwa yeyote. Kaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Wiki sita, labda nane. Na mtu aliye kwenye uchunguzi hawezi kutia sahihi kipimo, kwa hiyo cha leo hakipo. Kesho namtuma Brielle akapime upya, theluji au hapana theluji."

"Na Arvid?"

"Arvid ana Februari yake ya arobaini na tatu kwenye faili mpaka wachunguzi waseme vingine. Tutaona Brielle atapata ngapi."

Brielle alikuwa na miaka ishirini na saba, amekuja kutoka kusini mwaka jana tu, mchangamfu, mikono mizuri. Gwen mwenyewe ndiye aliyemfundisha kubandika ule utepe.

Basi Gwen akakaa ndani. Siku za kwanza alisafisha makabati. Kisha akaacha. Alikuwa akiamka saa ileile ya kazi, anavaa, anakunywa kahawa amesimama, halafu anakumbuka. Dirishani theluji ilishuka, ikakoma, ikashuka. Watu wa kazini hawakupiga simu, na hakuwalaumu, walikuwa wameambiwa wasipige. Hata dukani alianza kuona haya kwenda, maana mji wetu mdogo na kila jikoni kuna mtu aliyewahi kushikwa kiuno naye, na wote watauliza mbona huji. Barua ya wachunguzi ilifika ikimtaka aeleze kwa maandishi, kwa kila mgonjwa, ni lini mikono yake ilihisi nini. Aliiweka mezani. Akaizunguka siku nne kama kitu kinachouma.

Wiki ya tatu, Jumapili mchana, simu ikalia. Alikuwa Ilma.

"Sijui kama naruhusiwa kukupigia," alisema.

"Mimi ndiye nisiyeruhusiwa kupiga. Wewe piga tu. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo. Yule binti mpya anakuja, Jumanne na Ijumaa. Ana adabu. Karlene naye ametulia, amesema wataliacha jina kwenye orodha lakini hana haraka."

Gwen alivuta kiti akaketi. "Kwa hiyo hawakumfunga."

"Hawakumfunga. Yule bosi wako alipiga mwenyewe kusema amepiga hatua nzuri sana." Ilma akakohoa. "Yule binti alikuja ile Jumapili, kwenye dhoruba, maskini, amejaa theluji mpaka kwenye kope. Akapima jikoni, kwenye utepe. Arvid akamuuliza kabla hajainuka."

"Alimuuliza nini?"

"Unajua alichomuuliza."

Gwen alijua. Alishika dawati dogo la simu. "Na yeye akasemaje?"

"Alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Arvid akamwambia si utani. Basi akamtazama, akanitazama mimi, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akasema, kama ingekuwa thelathini na mbili, ingekuwa nzuri."

"Na akampa."

"Thelathini na mbili kamili. Mwezi ujao wamekubaliana ishirini na nane."

Gwen alisikia nyuma ya Ilma saa ya ukutani ya jikoni ile, aliyoizoea, na kiti kikiburutwa.

"Sauna," alisema mwishowe. "Bado anakwenda?"

"Kila Jumamosi."

"Kwa muda gani sasa?"

Kiti kiliburutwa tena, na sauti ya mzee ikasema kitu kwa mbali.

"Anauliza Arvid," alisema Ilma. "Wewe huandiki tena, sivyo?"

Gwen aliitazama ile barua mezani.

"Siandiki," alisema.

"Dakika nne," alisema Ilma. "Na jana hakushika kamba."